Filamu Yangu Kwenye Kibanda Umiza

Mama yangu anaanika dagaa kando ya ziwa, ufukweni Igogo, na tangu nipate akili alikuwa hakubali kupigwa picha akiwa kazini. Kanisani sawa. Harusini ndiyo kabisa, sare ya kitenge imemkaa na kilemba kimesimama. Ufukweni hapana. Wageni walishawahi kuja pale na kamera zao, wakapiga picha za nzi, wakapiga za miguu yenye matope, wakaondoka bila hata kuuliza mtu ameamkaje. Tangu hapo ukiinua simu tu, kina mama wote wanakupa mgongo.

Na mtoto wa mama huyo huyo ndiye akaenda kusomea filamu. Baba mdogo aliposikia, aliniuliza kama nitampigia harusi ya binti yake, maana kwetu mwenye kamera kazi yake ni harusi na misiba. Nilimnunia hadi Krismasi. Nina hasira za karibu, na kwenye filamu ndiyo usiniguse kabisa. Naamini kwamba mtu wa kawaida, ukimtazama kwa subira, anatosha kukijaza kioo.

Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alitakiwa kuwasilisha filamu fupi. Wenzangu walikimbilia mawe ya ziwani na jua likizama. Mimi nilimtaka mama na wenzake, na nilimbembeleza hadi akachoka. Walikaa kikao chao pale pale penye chanja za kuanikia, kisha mama akaniletea majibu.

“Tupige tukiwa kazini. Kuongea hatuongei. Na tutaiona sisi kwanza, kabla ya hao walimu wako. Tukiikataa, unaifuta.”

“Yote, mama?”

“Yote. Hutaki, acha.”

Nilikubali. Sikuwa na filamu nyingine, na muda wa kutengeneza nyingine haukuwepo.

Nikawa naenda nao alfajiri. Nilipiga wakimwaga dagaa kwenye chanja, wakiwageuza, wakifukuza kunguru. Siku moja mvua ilishuka ghafla. Dagaa wakilowa wameharibika, kwa hiyo niliitupia kamera juu ya ndoo chini ya turubai nikakimbia kusaidia kuzoa. Kamera iliendelea kurekodi peke yake, imelala upande, na ndani yake tunaonekana sote tukikimbizana na mabeseni huku tukipiga kelele. Sijawahi kupiga kipande kizuri kuliko hicho, na wala sikuwa nimeishika.

Pa kuonyeshea tukapewa kibanda umiza cha jirani, kile chenye mabenchi na mapazia meusi ambako watu huangalia mpira. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na kina mama walikuja wamevaa sare kana kwamba kuna ndoa. Mwenye kibanda ni dijei anayejulikana mtaa mzima. Filamu zote za nje huzitafsiri yeye kwa maiki, papo hapo, na chumvi anaongeza apendavyo. Hajawahi kuonyesha filamu akiwa amenyamaza, na hakuona sababu ya kuanza na yangu.

Mama alipotokea kwenye kioo, amesimama kimya akitazama ziwani, dijei akavuta pumzi.

“Mnamwona huyu mama, jamani? Mume kamkimbia! Hapa anawaza watoto watakula nini!”

Watu wakacheka. Mimi damu ikanichemka. Nilimwona mama akikaza shingo, nikajua basi, imekwisha, leo nafuta kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja. Niliinuka ili nikamzimie mitambo yake.

Mama akaniwahi, nikarudi kukaa. Alipita katikati ya mabenchi, akanyoosha mkono.

“Lete hiyo.”

Dijei akampa maiki.

“Hapo siwazi chakula,” mama alisema, na sauti yake ikajaa kibanda. “Hapo naangalia wingu linalotoka Ukerewe. Nikikosea kulisoma, mali ya watu wote hawa inaoza.”

Aliendelea hivyo hivyo, kila picha na maneno yake: nani alimfundisha kuanika, nani alijifungua akarudi kazini na mtoto mgongoni, nani amejenga nyumba Mkolani kwa dagaa. Kila aliyetajwa alipigiwa vigelegele. Kipande cha mvua kilipofika aliangua kicheko hadi akashindwa kusema. Kisha akaonekana msichana anayekimbia na beseni kichwani, ameloa chapachapa.

“Huyo ni wangu,” mama alisema. “Chuo anasoma kwa dagaa hao hao. Filamu hii kaitengeneza yeye.”

Kwangu hakuna cheti kitakachofikia hapo. Nilijisikia mrefu mle ndani hadi nikaogopa kusimama.

Ilipoisha niliwauliza, nifute au nisifute. Walikuwa tayari wanamwambia dijei arudishe mwanzo, na mama alikuwa bado ameshika maiki.

“Hiyo utakayopeleka chuoni,” aliniambia, “weka na haya ninayosema. Wasije wakadhani tulikuwa tunasikitika.”