Safari ya Kumchukua Kageha Kayole

Mdogo wangu Haroni na mkewe walipofariki Nairobi, majirani waliosali nao kanisa moja walimchukua binti yao, Kageha, akiwa mchanga. Miaka ikapita. Sisi huku nyumbani Mbale, magharibi ya nchi, tulishukuru kwa mdomo tu. Asubuhi moja mama yangu akaninyooshea kidole.

"Wewe ndiye baba mkubwa. Nenda ukamlete mjukuu wangu. Usirudi mikono mitupu."

Mimi ni mzee wa kanisa, naogopwa na kila mtu isipokuwa mama. Nikaondoka na jogoo wa zawadi. Kabla hatujafika Nakuru alikuwa amemdonoa kondakta wa basi, nami nikaomba radhi kwa niaba yake.

Nairobi nililala mtaa wa Ziwani, kwa binamu yangu, mfanyakazi wa reli. Alfajiri jogoo aliamsha mtaa mzima. Binamu akanionya, "Ndugu, hao watu wa Kayole wanajua kuomba."

"Hata mimi naomba," nikamjibu.

Kayole, adhuhuri, nilipanda ngazi hadi kwa walezi wa Kageha, Ezra wa kiwandani na mkewe Roda, muuza mboga. Hawakujaliwa mtoto wa kuzaa. Majirani wote waliwaita Baba Kageha na Mama Kageha, na majina hayo yalinichoma.

"Mirembe," nikamsalimu mtoto kwa lugha ya kwetu.

"Poa," akasema, akaniuliza jogoo anaitwaje.

Nikaeleza kilichonileta. Roda akamchukua jogoo, akaenda naye jikoni. Kwetu watu wa magharibi, mgeni haambiwi neno gumu usoni; huambiwa Mungu, mgeni akiwa amefumba macho. Basi jogoo alipoiva na ugali ukawa mezani, Roda akaanza kuomba.

"Baba, unajua nani alikesha na mtoto huyu akiugua surua. Unajua pia wengine walikuwa wapi. Hatuwataji."

Nikadakia kabla ya amina. "Ee Mungu, wewe uliyeweka ukoo, unajua ana nyanya anayemlilia, na shamba la marehemu baba yake."

"Bwana," akasema Ezra kwa upole, "tunashukuru kusikia habari za shamba. Ni mara ya kwanza."

Nikajibu. Roda akajibu. Ugali ukaanza kupoa. Nilifungua jicho moja niliangalie paja la jogoo, nikakuta Ezra naye amefungua lake, analiangalia hilo hilo.

Kageha akachoka na sisi. "Wacha mimi nimalize," akasema. "Mungu, bariki chakula. Bariki baba na mama. Huyu mgeni umfikishe kwake salama. Amina."

"Amina," tukaitikia sote, na sauti yangu ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Uzee wa kanisa umenizoesha vibaya. Na jambo likishaitikiwa amina, sisi hatulifungui tena. Roda alilia huku akinipakulia. Mimi nilihuzunika, nikala sana.

Wakati wa kuagana Ezra aliahidi kumleta Kageha kwetu Krismasi. Njiani kurudi niliona aibu: nilikwenda kumchukua mtoto kama mzigo uliosahaulika stendi, kumbe alikuwa na wenyewe.

Mbale, mama alinikuta langoni. "Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yuko kwao, Mama."

Akaitazama barabara. Kisha akauliza, "Hao wazazi wake wanapenda njugu, au niwawekee mahindi?"