Laini Nzima Ilipojibu Posa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya simu ya Kerugoya nilivishwa visikizi vizito vilivyonibana masikio mpaka machozi yakanitoka. Mbele yangu palikuwa na ubao wenye matundu, tundu moja kwa kila laini, na nyaya zenye plagi. Mtu akizungusha mkono wa simu yake, kibati kinaanguka kwenye ubao. Unachomeka waya, unauliza, "Nambari, tafadhali?" kisha unamuunganisha. Nyinyi mnaobonyeza jina la mtu tu mmeepuka mengi, jamani!

Msimamizi wetu, mzee mrefu wa tai nyeusi, alinipa sheria moja.

"Msichana, opereta ni mkono, siyo mdomo. Ukishawaunganisha watu, nyamaza."

Nilinyamaza miaka mingi. Kazi ngumu ilikuwa laini ya pamoja ya kwenda mashambani, waya mmoja kwa nyumba kadhaa. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, lakini simu ikilia kwa mmoja ililia kwa wote, na wote waliinua kusikiliza. Umbea mtamu, nani angekataa? Ila kila simu iliyoinuliwa ilipunguza nguvu ya laini, na sauti ikafifia.

Asubuhi moja Kariuki, kijana wa huko kwetu, alipiga kutoka Mombasa. Alikuwa amepata kazi melini na wanaondoka mchana. Alimtaka Muthoni, binti wa mwenye duka la mwisho kabisa kwenye laini.

"Dada, nipatie yeye haraka. Nataka kumuuliza kama atakubali nimuoe. Nikienda bila jibu, ataposwa na mwingine."

Nikaunganisha. Simu zikainuliwa, kwa, kwa, kwa!

"Muthoni, utakubali nikuoe?"

"Ati nini? Sisikii!"

"Nikuoe, Muthoni!"

"Ati?"

Dakika tatu alizolipia zilikuwa zinayoyoma, nami nimeuma midomo. Ghafla mwenye kinu cha posho, aliyekuwa karibu na ofisi yetu, akaingilia.

"Mimi nasikia! Muthoni, kijana anauliza kama utakubali akuoe!"

Muuguzi wa zahanati, kule mbele zaidi kwenye laini, akarudia kwa sauti kubwa. Hapo Muthoni akasikia.

"Mwambieni ndiyo! Namngoja!"

Lakini Kariuki hakusikia kitu. "Haloo? Amesema nini? Haloo!"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Amekubali! Anasema anakungoja!"

Laini nzima ikalipuka kwa makofi na vigelegele. Nikageuka nikijua kibarua kimeota nyasi. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, visikizi vya akiba masikioni, anajifuta macho kwa leso.

"Waongezee dakika tatu," akasema.

Baadaye nilihamishiwa Nyeri, nikaikuta mitambo inayounganisha simu yenyewe, na huko nikastaafu. Sasa napalilia sukuma wiki zangu hapa Gatitu. Vile visikizi sivitamani hata kidogo. Rununu yangu ni raha tupu, naongea na watu wa kule Wamagana nikiwa nimejilaza.

Majuzi Muthoni, ambaye ndiye mke wa Kariuki hadi leo, alinijia amenuna. Binti yao ameposwa kwa ujumbe wa simu, akaandika ndiyo akiwa peke yake chumbani, na mama akaambiwa kesho yake.

"Si amekubali?" nikamuuliza. "Shida iko wapi?"

"Ati shida! Na nani alimpigia makofi?"

Nikavaa viatu, tukaenda kumpigia makofi.