Karanga za Mfukoni

Daktari aliponiambia mbegu zangu ni chache na nyingi hazitembei, niliangalia mlango kwanza. Niliogopa kwamba kwenye benchi la nje kuna jirani yangu wa Ilala amesikia. Ujinga wangu ndio huo: kizazi kinaniponyoka, mimi nawaza umbea.

Kwa miaka minane nilikuwa fundi wa betri za magari Gerezani, mitaa michache kutoka sokoni Kariakoo. Tulizipasua betri zilizokufa, tukayeyusha madini ya risasi yaliyomo na kutengenezea vichwa vipya vya kufungia nyaya. Moshi ulituachia ladha tamu mdomoni. Jioni kila fundi alikunywa pakiti yake ya maziwa, tukiamini yanaosha sumu yote. Nani alituambia hivyo, sijui mpaka leo.

Mimi na mke wangu tulikuwa mwaka wa nne bila mtoto. Nikajitibu kama wanaume wa Kariakoo wanavyojitibu: mihogo mibichi, vipande vya nazi, karanga mbichi. Karanga nilizimimina kwenye mfuko wa ovaroli asubuhi, nikazitafuna kutwa nzima huku mikono iko kazini. Nilijiona mjanja kweli.

Daktari, mama wa makamo, hakunicheka. Aliniuliza karanga hizo nilikuwa nazilia wapi, na mikono nilinawa na nini. Nikamwonyesha kucha zangu zilizojaa vumbi jeusi la risasi. Alisema karanga hazina kosa na chakula kizuri kinasaidia, ila hakuna chakula wala maziwa yatakayoshinda risasi ninayoimeza kila siku, na vumbi lake humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Niache kazi ile, nipime damu, nirudi baada ya miezi mitatu.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Nilikuwa na hofu kwamba nimejimaliza mwenyewe, tena kwa mkono wangu. Mke wangu alikuwa uani anafua ovaroli yangu. Nilimweleza yote, hata habari ya mbegu. Nilitegemea atalia. Aliendelea kusugua, macho kwenye beseni.

"Zile karanga zinazobaki mfukoni huwa nazila mimi," alisema. "Na mwezi huu sijaona siku zangu."

Miaka minne niliomba nisikie maneno hayo. Nilipoyasikia niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, nikamwambia atoe mikono kwenye yale maji.