Geti Lililotufukuza Mwaloni

Bado nakataa kuamini. Juzi asubuhi nilikuwa na Anselmi ukingoni mwa mto Ruhuhu. Leo tumetoka kumzika kwao Maguu.

Wengi mlimwita Bwana Shamba, hata baada ya serikali kumpunguza kazini. Kwangu alikuwa mwenzangu wa kasia. Daktari alituambia wote wawili kwamba presha inataka mazoezi, tukachagua mtumbwi.

Wavuvi walimcheka, eti Mmatengo, mtu wa milimani, maji anayajua ya kwenye bakuli. Naye akawajibu kwamba wao wakija Maguu watabingirika hadi ziwani.

Niwaeleze kidogo wasiojua, maana ualimu hauniishi. Mahali pa kushushia mtumbwi hapachaguliwi kwa kuwa ni karibu na njia. Ukiwa mzee unataka ukingo ulioinama taratibu, mchanga mgumu, na matete yawe mbali kwa ajili ya mamba. Halafu unaanza kwa kupanda mto ukiwa na nguvu, ili ukichoka mkondo ukurudishe.

Anselmi aliugonga ukingo kwa mpini wa jembe kabla ya kukanyaga, kama alivyozoea kukagua ngoro, yale mashimo ya kulimia ya kule milimani. Alisema anakagua saiti. Kina mama waliokuwa wakifua walimuuliza anapanda nini mtoni. "Napanda miaka," akawaambia.

Mwalo wetu, pale tulipokuwa tukishushia mtumbwi, ulikuwa na sifa zote. Akaja mwekezaji, akapewa, akaweka uzio na geti.

Tulikwenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akasema wavuvi wana njia yao ya ziwani, kina mama wamewekewa bomba, na sisi hatuvui wala hatuchoti, tunacheza tu. Tukashukie kwenye kona ya chini.

Kona ile imeliwa na maji. Juu nyasi, chini pango. Anselmi alimweleza hivyo, kwa adabu kabisa. Akajibiwa kwamba huu ni wakati wa soko huria, asirudishe watu nyuma.

Tulikaa wiki kadhaa bila kutoka, presha ikampanda. Juzi tukaenda kwenye kona ile. Akagonga kwa mpini, pakaonekana pagumu. Akatangulia kushuka, kamba ya mtumbwi mkononi. Ukingo ukameguka naye, mtumbwi ukamwangukia.

Wavuvi wale wale waliomcheka ndio waliomtoa majini. Walikuwa wakilia.

Na leo, mbele ya jeneza, mwenyekiti anasimama kutuambia ni kazi ya Mungu!

Nimefundisha watoto wa watu kuheshimu viongozi. Lakini nilisimama, waombolezaji wote wakisikia. "Mwenyekiti, na ufunguo wa geti anao Mungu?"

Alikaa.

Basi msinijazie pole hapa. Mwenye miguu aje tukasimame getini, kwa amani, mchana kweupe.

Anselmi, mdogo wangu, wewe lala salama. Mimi silali mpaka geti lile lifunguliwe.