Nani Atawasha Saa

Watu wakiniuliza ninafanya nini Jumapili jioni, nasema naenda kwenye mchezo, na huwa naishia hapo. Nikiendelea itabidi nieleze hoki ya barafu, na nikianza kuieleza sijui kunyamaza. Wanaume wakubwa wamevaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, wanakimbizana juu ya maji yaliyogandishwa kwa kasi ambayo gari haliruhusiwi kwenda nayo mtaani kwetu Edmonton, London, na wanachogombania ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, paki, ambacho nusu ya watazamaji hawakioni. Mara ya kwanza nilipewa tiketi ya bure na msimamizi wa ghala ninakofanya kazi. Nilikaa karibu na kioo. Mchezaji mmoja akabamizwa mbele yangu, kioo kikatetemeka hadi nikakisikia kwenye meno, naye akainuka akicheka. Mama mdogo, ambaye naishi naye, aliniuliza nimeona nini huko. Nilijaribu kumweleza.

"Kwa hiyo watu wazima wanagombania kifuniko cha ndoo," alisema.

"Ndiyo, Mama. Lakini ungewaona."

Klabu yetu ni ndogo, na nusu ya kazi zake hufanywa na mashabiki wa kujitolea. Wao ndio wanaofungua mlango wa kizimba wanamokaa wachezaji walioadhibiwa, ndio wanaoandika magoli, ndio wanaoendesha saa. Wote hao hukaa kwenye meza moja pembeni mwa barafu, na bila meza hiyo refa haruhusiwi kuanzisha mchezo. Nilipoona tangazo kwamba anatafutwa mtu wa saa, sikumwambia mtu. Nilijifunza peke yangu wakati wa mapumziko ghalani, nikitazama mechi za zamani kwenye simu na kubonyeza hewa kwa kidole gumba kila filimbi ilipolia. Katika hoki saa husimama kila filimbi ikilia. Nakiri kwamba hilo ndilo lililonivuta. Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama mlango nimeufunga. Nilikuwa nimepata mahali ambapo muda haupotei, na ukikosea, kosa linarekebishwa mbele ya macho ya wote.

Jirani yangu mezani ni mzee Mhindi wa mtaa wa Neasden, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyezaliwa Mombasa akaletwa hapa angali kijana. Kazi yake ni kuandika magoli na adhabu. Siku yangu ya kwanza alinisikia nikijisemea kwa Kiswahili, "Tulia, tulia, usiharibu." Akajibu bila kuinua kichwa, "Ukiharibu, nitaandika kosa ni la refa." Tangu hapo tumekuwa tukiwasengenya wachezaji mbele ya macho yao, nao wakitupungia mikono.

Msimu uliopita beki wetu mmoja, mgeni kutoka Kanada, alipigwa na paki akaumia kichwa. Daktari alimkataza barafu, kelele na mwanga mkali. Wachezaji wa kigeni hukaa kwenye fleti za klabu, na mkataba ulisema fleti ni ya anayecheza, kwa hiyo klabu ikampa notisi ya kuhama. Wenzake wakagoma. Walisema hawatakanyaga barafu mpaka iandikwe kwamba aliyeumia hatolewi nyumbani kabla hajapona. Klabu ikajibu kwamba Jumapili mechi itachezwa hivyo hivyo, kwa wachezaji wa kuazima.

Alhamisi tulikutana sisi mashabiki kwenye baa iliyo juu ya uwanja, kuamua kama Jumapili tubaki nje maegeshoni pamoja na wachezaji. Aliyeongoza mkutano alikuwa mwenyekiti wetu, mama aliyestaafu udereva wa basi. Nilitarajia makelele. Hawa ndio watu wanaomwambia refa maneno ambayo siwezi kumtafsiria mama mdogo.

"Nimelipia msimu mzima," alisema mwanamume aliyekuja na sare yake ya posta. "Sikulipia kuangalia maegesho ya magari."

"Wewe ulilipia kumtukana refa," alijibiwa kutoka nyuma. "Kazi hiyo hata maegeshoni unaifanya."

Alicheka na yeye. Kisha mzee wangu akasimama.

"Hawa vijana mnawapenda. Hata mimi nawapenda. Lakini walitia saini. Mimi nimeajiri watu, dereva wangu akivunjika mguu nampelekea matunda, simpi nyumba. Mkiua mechi ya Jumapili mnaua mapato ya Jumapili. Hii klabu haina mafuta mwilini ya kuvumilia njaa. Mnajua viwanja vingapi vya barafu vimegeuzwa maghala?" Akanigeukia mimi, kana kwamba ghala letu ndilo lililovimeza.

Walimsikiliza mpaka mwisho. Mtu mmoja alipotaka kumkatiza, mwenyekiti aliinua kiganja kama anayesimamisha basi.

"Dereva wako ana kwake pa kurudi," alisema mwenyekiti, mzee alipokwisha kukaa. "Yule kijana kwao ni ng'ambo ya bahari, na daktari amemkataza kupanda ndege. Akitoka kwenye fleti ile, aende wapi na kichwa kile?"

"Aje kwangu," alisema mtu wa posta. "Nina kochi."

"Na watoto wanne na mbwa. Kelele hizo zitamaliza kilichoachwa na paki," alisema mwenyekiti.

Ndipo yule wa nyuma akasema kwamba tunabishana bure, klabu haituhitaji, itafungua milango na itacheza. Mtu wa posta akatikisa kichwa. "Sisi hawatuhitaji," alisema. "Wanaihitaji meza."

Baa nzima ikatutazama mimi na mzee.

"Mimi nitakuwepo," alisema mzee. "Kalamu yangu haigomi."

"Na saa?" aliuliza mwenyekiti.

Kwenye treni nilikuwa nimetunga hotuba na kuikariri, yenye hoja za pande zote mbili, nzuri kweli. Yote ilinitoka. Nilisema tu kwamba wapige kura, nami nitafuata kura.

"Binti," mzee aliniambia kwa Kiswahili, taratibu, "unajificha nyuma ya mikono ya watu."

"Ndiyo, Mzee. Naogopa."

Waliinua mikono, na wengi wakataka tubaki nje. Mzee aliinua wake kupinga, akaushikilia juu hadi mwenyekiti alipoitikia kwa kichwa kwamba ameuona. Kisha akachukua koti lake akaondoka.

Jumamosi meneja wa klabu alinipigia simu. Hakunitisha. Alisema kwa upole kwamba ni mara hii moja, nikae tu, nibonyeze tu. Ningependa kuandika kwamba nilikataa kwa sababu ya yule beki. Ukweli ni kwamba nilitaka kukubali. Niliuona mkono wa mtu mwingine kwenye kitufe changu, ukichelewa kila filimbi, nikaona wivu. Nilisema nimetoa neno langu kwa wenzangu. Nilipokata simu nilikaa sakafuni jikoni. Nilijua pia kwamba, mbali na mimi, ni mzee peke yake anayeijua saa ile. Kwa kuketi pembeni yangu tu, alikuwa ameshajifunza. Akiingia, mechi itachezwa, na Jumatatu beki atafungasha.

Jumapili mvua ilikuwa nyepesi. Wachezaji walikuwa wamesimama maegeshoni na jezi zao na viatu vya kawaida, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba ni wafupi. Miaka yote nimewaona wakiwa juu ya vyuma. Nahodha, ambaye juu ya barafu hasemi na mtu, alikuwa akipita kwa kila shabiki kumshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi kama wa mtu mwingine yeyote.

Gari la mzee liliingia. Alishuka amevaa tai, kama kila siku ya mechi, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Nilisubiri matusi. Mwenyekiti alisema, "Mpisheni, kila mtu na njia yake," na watu wale wakampisha. Mtu wa posta hata alimwinulia kofia. Mzee alifika mlangoni, akageuka, akafungua mwavuli, akaja kusimama pembeni yangu.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Bado mmekosea."

"Sasa mbona huingii, Mzee?"

"Walinisikiliza. Mkono wangu wakauhesabu sawa na ya wengine. Nikishindwa ndiyo niseme kura haikuwepo?" Akauvuta mwavuli ili unifunike na mimi. "Lakini mmekosea, na nitawaambia kila wiki."

Refa alitoka akiwa amevaa viatu vyake vya barafu, akitembea kwa vyuma kwenye zulia la mlangoni. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, kisha akauliza, kwa kuwa sheria inamtaka aulize, nani atawasha saa. Kidole gumba changu kilicheza mfukoni. Hakuna aliyejibu. Refa alisubiri muda wa haki kabisa, akasema hakuna mechi.

Hakuna aliyeshangilia. Nilifikiri wangeimba, wanaimba kwa mambo madogo kuliko hayo. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, baridi ya barafu ikatoka ikatufikia miguuni, na kule ndani taa zote zilikuwa zinawaka juu ya barafu ambayo haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Tulisimama tukiitazama. Kila mmoja pale aliitaka mechi ile, hata mimi, hasa mimi, na walikuwa wamejinyima wenyewe, wakabaki kwenye mvua kuangalia walichojinyima. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakubwa kiasi kile.

Wiki ile klabu iliondoa notisi na kuandika kifungu kipya, na beki alikaa kwenye fleti yake hadi daktari alipomruhusu kupanda ndege. Msimu huu tiketi zimepanda. Mzee alikuwa ametuonya, na ananikumbusha kwa Kiswahili kila mapumziko, huku akichonga penseli. Mimi simbishii. Huenda yuko sahihi kuhusu klabu. Namwambia tu asogeze kiwiko, maana filimbi inakaribia kulia.