Mtungi Uliosogezwa

Juzi, hapa Kitale, binti yangu aliniletea swali la fizikia. Ubao umelala juu ya nguzo mbili, na mzigo umewekwa karibu na nguzo moja. Kila nguzo inabeba uzito kiasi gani? Yeye alikuwa ameugawa sawasawa. Nilimwambia asijali, kwa sababu hata mimi niliwahi kuamini hivyo.

Nilikuwa mdogo, kule Matulo, na mama alikuwa amekubali nijaribu kwenda kuteka maji. Nikishindwa, ningebaki nyumbani kulea mtoto. Mtungi ulipojaa, dada yangu Nekesa alipitisha ufito wa mkaratusi kwenye mshikio wake, tukauinua mabegani, mimi mbele, yeye nyuma. Upepo ulileta harufu ya kiwanda cha karatasi kutoka Webuye, na maji yalicheza ndani ya mtungi. Kila nilipogeuka, mtungi ulikuwa umesogea karibu na tumbo lake.

"Mbona unauvuta kwako?" nililalamika. "Ati mama aone ni wewe umebeba?"

"Wewe tembea, bana. Angalia matope."

Nilimnunia njia nzima. Sikujua kwamba mzigo humlemea zaidi aliye karibu nao, na kwamba begani mwangu ilibaki labda robo tu.

Nyumbani nilitangaza kwamba tumebeba sawa. Mama alimtazama Nekesa, aliyekuwa akisugua bega lake.

"Ni kweli?"

"Kweli, mama. Kesho naenda na yeye tena."