Kichwa Alichoinamisha

Huku kwetu mtoto akikutana na mkubwa anainamisha kichwa, mkubwa anamgusa utosini, basi, salamu imeisha. Binti yangu nilimfunza hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Wapangaji wa ploti nzima pale Kaptembwo walimsifu, na mimi nilijivunia, haki.

Alikuwa na miaka tisa aliponiambia, nikifua, kwamba mzee wa kanisa aliyekuwa akimfundisha tuisheni mlango wa tatu humshika mahali pasiposhikwa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia sabuni imeisha. Mimi nilidhani mtoto aliyeumizwa hulia. Tena mtu mbaya, kwa akili yangu, alikuwa mgeni wa kuvizia njiani, si huyu aliyeniombea nilipolazwa.

Nikaita wenzangu wawili wa chama chetu cha akiba. Mmoja akasema, "Mama, hii ni rahisi. Mwite mzee. Kama ni kweli, huyo mtoto hatamkaribia." Wueh! Na mimi, mtu mzima, nikakubali.

Mzee akaja, akapewa chai. Nikamwambia binti yangu, "Salimia mzee." Akanitazama. Nikarudia kwa ukali. Akatembea mpaka kwenye kiti, akainamisha kichwa. Yule mtu akaweka kiganja utosini, akasema, "Mungu akubariki." Akina mama wakashusha pumzi. Nikamlazimisha mtoto aombe msamaha, akaomba. Tuisheni niliendelea kumpeleka mpaka yule mzee alipohama, na binti yangu hakunilalamikia tena. Nikasema, si unaona, yameisha. Mjinga mimi! Kile kichwa kinanirudia hata nikichambua maharagwe mchana kweupe. Nilimpima mtoto kwa heshima niliyomfunza mwenyewe.

Jumapili iliyopita binti yangu, sasa mtu mzima, alikuja na mtoto wake wa kike wa miaka minne. Keateka wa ploti, mzee anayetukusanyia kodi, alikuwa amekaa sebuleni, na mdomo wangu, ai, hausikii: "Njoo usalimie babu." Mtoto akaanza kuinama. Binti yangu akamshika paji la uso, akamwinua polepole.

"Mama, huyu anasalimia akitaka."

Keateka alipotoka nilibaki nimeshika vikombe. Nikasema nilichopaswa kusema miaka kumi na saba iliyopita: "Ulikuwa unasema kweli."

"Mimi nilijua siku ile ile," alinijibu, akaendelea kumvalisha mtoto sweta.